Mfupa Unaopinda: Peptidi za Samaki na Seli za Mifupa

Mfupa huu mnaouona mkononi mwangu ni wa kuku. Nimeuloweka kwenye siki siku kadhaa. Tazameni: unapinda kama mpira. Siki imeondoa madini, iliyobaki ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi inayoshikilia mfupa. Ule mwingine pale mezani nimeuchoma mpaka ukawa mweupe. Kolajeni imeungua, madini yamebaki, na ukiugusa unapukutika. Kwa hiyo anayesema mfupa ni kalsiamu amesema nusu tu.

Sasa tuje kwa samaki. Ngozi na magamba yanayotupwa yamejaa kolajeni. Ichemshe, utapata jelatini. Ikatekate kwa vimeng'enya, utapata peptidi, vipande vifupi vinavyoyeyuka majini.

Mtaniuliza: si tumbo litazisaga zote? Nyingi, ndiyo. Ila vijipande vya asidi amino mbilimbili, hasa prolini iliyoshikana na haidroksiprolini, vimekutwa kwenye damu ya watu waliokunywa kolajeni ya namna hii. Bila hilo, ningefunga mhadhara hapa.

Maabara hutumia sana seli za MC3T3-E1, zilizotokana na fuvu la panya. Hizi ni osteoblasti, mafundi wanaojenga mfupa. Katika majaribio kadhaa, zikiwekewa peptidi za samaki, kimeng'enya cha fosfatasi alkali, dalili kwamba ujenzi wa mfupa umeanza, hupanda, na jeni ya Runx2, msimamizi wa ujenzi, huchangamka. Baada ya wiki kama tatu humwagiwa rangi ya alizarini, na palipojengeka kalsiamu pakawa na madoa mekundu. Yanapendeza macho, nakiri.

Lakini seli ile imeogeshwa peptidi mchana na usiku. Yako inapata kinachobaki baada ya tumbo na ini. Tena mwilini kuna osteoklasti, wabomoaji, nao hawalali. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wanawake 131 waliokoma hedhi: waliopewa gramu 5 za peptidi za kolajeni kila siku kwa mwaka mmoja, msongamano wa madini kwenye uti wa mgongo na shingo ya paja uliongezeka kuliko kwa waliopewa unga bandia usio na peptidi. Kilichopimwa ni msongamano wa madini, si idadi ya waliovunjika.

Na msisahau vitamini C. Hata kwenye sahani ile ya maabara huongezwa, maana bila hiyo osteoblasti haitandazi kolajeni ipasavyo, umwagie peptidi kiasi gani.

Haya, mfupa upitisheni kwa zamu. Unanuka siki, mniwie radhi.