Bibi alitaka bati: ramani zangu za chuo na jua la Dodoma

(Mhadhara uliotolewa Dodoma mapema Oktoba, mbele ya wanafunzi, mafundi na wakazi wa mji. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu mliokaa nyuma, sogeeni mbele, leo hakuna picha za ukutani. Projekta imegoma, kwa hiyo nimebandika karatasi kwa selotepu kama tulivyokuwa tukifanya studio. Nimeambiwa nimalize saa sita na robo. Nitamaliza, kwa sababu saa sita na dakika 25 nina miadi huko nje, na nyote mtanisindikiza.

Aliyenialika aliniomba nije na kazi zangu za chuo. Usanifu majengo ni miaka 5, na kila muhula una mradi: unapewa kiwanja, unapewa mahitaji, unakesha, kisha siku ya siku unasimama mbele ya jopo na michoro yako wanaichanachana kwa maneno. Nimeleta miradi mitano. Yote ina makosa. Nimeacha nyumbani ile isiyo na makosa kwa sababu sikujifunza kitu humo.

Huu wa kwanza ni penseli tupu. Likizo ya mwaka wa kwanza tuliambiwa kila mtu akapime nyumba anayoijua na kuichora. Wenzangu wa Dar walichora nyumba za kupanga Magomeni. Mimi nilikuja kwa bibi, kijijini wilaya ya Bahi, nikapima tembe lake.

Wengi wenu mmezaliwa humo, nisiwafundishe. Ila kupima kwa futi ni tofauti na kuishi. Mlango una mita 1 na sentimita 40. Mimi mwenyewe, na mnaniona nilivyo, niliinama. Nguzo za mapanda zimechimbiwa, juu yake mihimili, juu ya mihimili miti myembamba iliyobanana, kisha nyasi, kisha udongo umeshindiliwa unene wa kiganja changu kikiwa kimesimama. Kuta ni fito na udongo. Nyumba imezunguka ua, na ng'ombe wanalala uani. Juu ya paa bibi alikuwa ameanika mtama, na kuku wawili walikuwa wamepanda kuukagua. Nilichora hadi kuku.

Saa nane mchana, mwezi wa kumi, niliingia ndani kupima chumba cha mwisho nikapitiwa na usingizi. Jirani, kwenye nyumba ya bati ya mjomba, saa hiyo hakuna mtu anayekaa ndani, hata paka. Sikuwa na kipimajoto, lakini mgongo nilikuwa nao.

Baadaye darasani nilielezwa sababu. Udongo mzito unapokea joto polepole. Jua la mchana linapolipiga paa, joto linakaa masaa likihangaika katikati ya ule unene, na likifika upande wa ndani ni usiku. Na usiku wetu, juu huku zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, joto hilo linakaribishwa. Julai hapa mtu analala na blanketi mbili. Bati ni kinyume chake. Linapasha ndani saa lile lile jua linapochomoza, na likizama linakuachia baridi. Kwa Dar, ambako usiku nao ni joto, hesabu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana ramani inayotoka Dar na kushushwa Dodoma bila kuguswa inanitia wasiwasi, na tangu Serikali ilipohamia huku, ramani za namna hiyo tunaziona kila mtaa. Jengo limevikwa kioo upande wa magharibi, halafu wanashangaa bili ya viyoyozi.

Lakini nisijifanye mjuzi, maana mradi wa pili ni huu hapa. Mwaka wa pili, nyumba ya familia, kiwanja Dodoma. Nilichukua kitabu cha Ulaya maktaba. Kitabu kinasema: weka madirisha makubwa kusini, upate jua la baridi. Nikaweka kioo kusini kutoka sakafuni mpaka dari. Mwalimu akaniuliza, "Juni, saa sita mchana, jua la Dodoma liko upande gani?" Nikasema kusini. Darasa zima likacheka, na nusu yao nao hawakujua.

Sisi tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Juni jua linapita kaskazini yetu, limeinama kama nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba linapita kusini, nyuzi 17 hivi. Kwa hiyo kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na pande zote mbili ziwe na upenu, yaani paa lililotoka kidogo nje ya ukuta. Hapo jua la juu linazuilika kirahisi. Mashariki na magharibi weka kuta fupi, madirisha madogo au usiweke kabisa, kwa sababu jua la saa kumi jioni linakuja limelala na hakuna upenu unaolizuia. Fundi, kama mteja ana kiwanja na hana hela ya msanifu, mwambie hilo moja tu. Halimgharimu hata mfuko mmoja wa saruji.

Wa tatu ni soko, nisiwachoshe nalo. Nilikuwa nimeduwazwa na soko la Kariakoo, lile alilosanifu Beda Amuli miaka ya 1970, lenye miavuli mikubwa ya zege juu inayokinga mvua na kuiteremsha chini. Nikachora miavuli 24 kwa ajili ya kijiji chenye gulio mara moja kwa wiki. Jopo liliuliza nani atalipia. Tuendelee.

Wa nne ni huu wenye rangi, na hapa ndipo nilipotaka kuwaleta.

Mwaka wa nne nilikuwa nimejaa tembe kichwani. Nikasanifu tembe la kisasa: tofali za udongo, paa la udongo, ua katikati, milango mirefu. Nikapata sifa. Nikasafiri nayo kwenda kwa bibi, nimeikunja kwenye bomba la plastiki, nikaitandaza mkekani. Akaitazama muda mrefu, amevaa miwani ya mjomba. Akaniuliza, "Wewe utalala humu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Utalala. Mimi nataka bati."

Nikadhani ni mambo ya kutaka kufanana na majirani. Nikaanza kumweleza habari ya joto na unene wa udongo. Akanikatiza: "Mjukuu wangu, paa la udongo linakunywa maji yangu."

Nilikaa kimya. Huku mvua ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na zote zinashuka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Kisima cha pale kijijini ni cha chumvi. Kwa bibi, bati ni bomba la maji lililolazwa juu ya nyumba. Ndoo moja chini ya gata inamwokolea safari ya asubuhi. Halafu kila mwaka kabla ya mvua lazima mtu apande juu kuongeza udongo, na vijana wa kupanda wako Dodoma mjini wanaendesha bodaboda. Mchwa nao hawapumziki. Mimi nilikuwa nimepima tembe lote na sikupima hayo.

Kwa hiyo mradi wa mwisho, wa mwaka wa tano, nilitaka vyote viwili. Nilichagua nyumba ya mama ngojea kwenye kituo cha afya, wanakokaa wajawazito wa mbali wakisubiri siku zao. Kabla ya kuchora nilikaa pale siku tatu. Akina mama walikuwa hawakai ndani. Asubuhi mikeka iko upande wa magharibi wa wodi, kwenye kivuli cha ukuta. Kadiri jua linavyopanda, mikeka inabanwa ukutani. Saa sita wote wako chini ya mgunga mmoja, miguu imekunjwa ili isitoke juani. Saa tisa wamehamia mashariki. Niliweka jiwe kila saa mahali mkeka wa mwisho ulipoishia. Jioni nilikuwa na mstari wa mawe, na mstari ule ndio ukawa ramani yangu ya baraza. Ni mchoro pekee wa chuo ninaouonea fahari.

Paa nikaliweka mara mbili. Chini dari ya fito na udongo, juu yake bati, katikati nafasi ya sentimita 60 iliyo wazi kwa upepo. Bati linachukua jua na kukinga mvua, udongo uko kivulini, mkavu, hauvuji na hauhitaji kuongezwa. Fundi mmoja aliyealikwa kwenye jopo akauliza neno moja tu: "Popo?" Nikaongeza wavu kwa kalamu, mbele yao.

Kisha maji. Paa la mita 18 kwa 9 ni mita za mraba 162. Kwa mvua ya milimita 550, ukiondoa inayopotea, ni kama lita 71,000. Nikaandika kwa herufi kubwa: wanawake 20, lita 20 kwa siku kila mmoja, ni lita 400, maji ya siku 177! Nikachora tangi kubwa chini ya ua. Mzee mmoja mkadiriaji majenzi akatoa penseli mfukoni. "Binti, wakati mvua inanyesha, hawanywi?"

Wadogo zangu, nilikuwa nimehesabu kana kwamba akina mama wanaanza kuwa na kiu mwezi wa tano. Miezi mitano ya mvua peke yake inakula lita 60,000. Zinabaki 11,000, na kiangazi kina siku zaidi ya 200. Kwa mwaka mzima walihitaji lita 146,000, na paa halifiki nusu.

Nilifaulu, lakini kwa aibu. Baada ya kuhitimu, bila kuagizwa na mtu, nilirudia. Maji ya paa yawe ya kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu, yaani 100 kwa siku. Kufua na kuoga watumie ya kisima, chumvi yake ivumiliwe. Kiangazi chote kinataka lita 22,000 hivi, ambazo ni simtanki tano za lita 5,000, na hakuna haja ya kuchimba. Ni hii karatasi ya pembeni, haina hata rangi. Muuguzi mmoja niliyemwonyesha akaipenda, kisha akaniuliza mama mkwe atalala wapi. Mjamzito haji peke yake, anakuja na wa kumpikia. Sikuwa nimemchora, na mpaka leo sijamaliza kumtafutia chumba. Kila nikimweka, baraza linakatika.

Bibi? Alipata bati, vyumba viwili vya mbele, na mjomba akaweka gata. Tembe la nyuma hakulibomoa. Mwezi kama huu analala huko.

Sasa ni saa sita na dakika 17. Jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na siku hizi za mwanzo wa Oktoba, na kwa siku hizi za Oktoba, kwa saa zetu, ni kama saa sita na dakika 25. Pale nje kuna mlingoti wa bendera. Beba kiti chako, wazee tuwabebee, twende tukatafute kivuli chake kiko wapi. Na mwenye futi aje nayo.