Kuingia Ndani ya Hifadhidata Bila Kutoka Kwenye Paneli

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Naanza na kitufe kimoja: Enter.

Anayetumia kidhibiti faili chenye paneli mbili, yaani programu ya kutazama na kunakili mafaili inayoonyesha folda mbili kwa pamoja, anajua kwamba Enter maana yake ni "ingia". Kishale kikiwa juu ya folda, unaingia. Kikiwa juu ya faili la zip, unaingia vilevile, ingawa zip si folda. Programu inakukunjulia yaliyomo kana kwamba ni folda, nawe unatazama, unanakili unachotaka, unatoka. Tumeshazoea. Sasa peleka kishale juu ya faili la hifadhidata liitwalo wateja.db, ubonyeze Enter. Unaulizwa ulifungue kwa programu gani. Humo ndani mna majedwali yenye majina, mna safu, mna mistari iliyopangwa kwa nidhamu kuliko folda zetu nyingi, lakini mlango haufunguki.

Programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya kidhibiti faili, ndiyo inayoufungua. Nimezitumia kwa miaka, nimeandika na moja ndogo mwenyewe, na ninalotaka kuwaambia leo ni hili: programu-jalizi ya hifadhidata ndani ya kidhibiti faili ni jicho. Tuijenge iwe jicho zuri. Wanaoharakisha kuipa mikono, ili ifute na kubadili, wanatengeneza kitu cha hatari, na nitawaonyesha kwa nini.

Historia nitaipita haraka. Norton Commander, kazi ya John Socha, ilitoka mwaka 1986 na kutuachia vitufe tunavyobonyeza hadi leo: F3 kutazama, F5 kunakili, F6 kuhamisha, F8 kufuta. Mpangilio huo ukarithiwa na Total Commander ya Christian Ghisler, iliyoanza mwaka 1993 kwa jina la Windows Commander, na Midnight Commander ya Miguel de Icaza, na Far Manager ya Eugene Roshal. Enzi hizo faili la data ambalo mtu wa kawaida alikutana nalo lilikuwa la programu ya hifadhidata ya dBase, lenye kiambishi .dbf. Kulisoma lilikuwa jambo jepesi: mwanzoni kuna maelezo ya safu, kila safu ikielezwa kwa baiti 32, kisha mistari inafuatana, yote ya urefu mmoja. Na mstari uliofutwa haukuondoka. Uliwekewa alama ya nyota mwanzoni, ukabaki palepale hadi mtu atoe amri ya PACK. Kwa hiyo kitazamaji kizuri cha .dbf kinaweza kukuonyesha hata yale ambayo mwenye faili anadhani ameyafuta. Kumbukeni nyota hiyo, maana nitairudia.

Leo faili tunalokutana nalo zaidi ni la mfumo wa hifadhidata uitwao SQLite. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, na sasa imo ndani ya kila simu ya Android. Firefox nayo inatunza historia na alamisho zako humo, kwenye faili liitwalo places.sqlite. Hifadhidata nzima ni faili moja. Ndiyo maana kidhibiti faili ni mahali pake pa asili: tayari unalinakili, unalibana, unalituma kama faili lolote, isipokuwa huwezi kuliona ndani.

Shauri la kwanza kwa anayeandika programu-jalizi: usiamini kiambishi cha jina. Watu huyaita mafaili haya .db, .sqlite, .dat, wengine hawaweki kiambishi kabisa. Soma baiti 16 za mwanzo. Ukikuta maneno "SQLite format 3" yakifuatwa na baiti ya sifuri, umefika.

Kwenye Total Commander kuna aina nne za programu-jalizi, na tatu zinatuhusu. Ya WLX inafanya kazi ukibonyeza F3: inakuchorea jedwali kwenye dirisha la kutazama. Ya WCX inalifanya faili lifunguke kama zip, kwa Enter. Ya WFX inaunda mfumo mzima wa mafaili ambao haupo kwenye diski, na hiyo ndiyo njia ya kufikia seva. Double Commander nayo inazipokea nyingi kati ya hizo. Ukitaka tu kuchungulia, WLX inatosha, na kwa watu wengi ningeishia hapo. Raha kamili, hata hivyo, iko kwenye Enter, na huko ndiko maswali magumu yanakoanzia.

Swali gumu kuliko yote ni jina. Folda inadai kila kilichomo kiwe na jina, na majina mawili yasifanane. Jedwali linakuwa folda; hilo halina utata. Lakini mstari mmoja wa jedwali jina lake ni lipi? Utasema ufunguo mkuu, yaani safu ambayo thamani yake ni ya pekee kwa kila mstari. Vizuri, kama upo. Kuna majedwali yasiyo na ufunguo mkuu kabisa, na mistari miwili inaweza kufanana herufi kwa herufi. Kwenye SQLite utasema kuna rowid, namba ya siri ambayo jedwali la kawaida huipa kila mstari. Nami nilisema hivyohivyo. Kisha nikajifunza kwamba jedwali lisilo na safu iliyotangazwa kuwa INTEGER PRIMARY KEY linaweza kubadilishiwa rowid zake amri ya VACUUM, ile ya kuijenga upya hifadhidata, inapopita. Yaani "faili" uliloliona asubuhi kwa jina 57, jioni jina hilo linaweza kuwa la mstari mwingine. Kwa anayetazama tu, hilo halidhuru. Kwa anayefuta kwa jina, ni msiba.

Na hata jina likipatikana, paneli inapanga majina kama maandishi: 10 inatangulia 2. Jaza sifuri mbele, 0000002 kisha 0000010, na kila kitu kinakaa mahali pake. Kuna pia majedwali ambayo jina lenyewe lina mkwaju ndani yake, au alama ya nukuu. Mkwaju kwenye njia ya faili ni mpaka kati ya folda mbili. Usipoubadilisha, programu yako itatafuta folda isiyokuwepo.

Halafu kuna wingi. Kidhibiti faili kinapoingia kwenye folda kinataka orodha yote: kinaomba cha kwanza, kinaomba kinachofuata, mpaka kiambiwe vimekwisha, kisha ndipo kinapanga na kuonyesha. Jedwali lenye mistari milioni tano litaigandisha paneli. Dawa niliyoiona inafaa ni kugawa jedwali katika folda ndogo za mistari elfu moja moja kwa kufuata ufunguo. Wengi hukimbilia OFFSET, agizo la kuruka mistari kadhaa ya mwanzo. OFFSET inahesabu na kutupa kila mstari inaouruka, kwa hiyo kadiri unavyoenda mbele ndivyo inavyochoka. Sema badala yake: nipe mistari elfu moja ambayo ufunguo wake ni mkubwa kuliko huu wa mwisho nilioona. Faharasa inakupeleka moja kwa moja.

Safu ya ukubwa kwenye paneli nayo inajaribu watu. Mtu anataka kuandika humo idadi ya mistari ya kila jedwali. Inapendeza machoni, ila SQLite haitunzi hesabu hiyo popote. Kila ukiomba, inapitia jedwali au faharasa nzima. Kwa hifadhidata za seva, PostgreSQL ina kadirio ndani ya jedwali lake la mfumo, pg_class, na MySQL inatoa kadirio kwenye information_schema kwa majedwali ya InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data. Ukitumia kadirio, liwekee alama ili mtazamaji ajue ni kadirio. Tarehe ya kubadilishwa kwa jedwali? SQLite haina. Iache wazi. Nimeona programu-jalizi zinazoweka tarehe ya faili zima kwenye kila jedwali, na hilo silikubali, kwa sababu mtu atapanga kwa tarehe na kuamini kile anachokiona.

Palipo na uzuri wa kweli ni kwenye picha na nyaraka zilizofichwa ndani ya mistari, zile tunazoziita blob. Bila programu-jalizi, kuitoa picha moja kunahitaji uandike swali la SQL, lugha ya hifadhidata, na skripti ya kuokoa baiti. Ukiwa na programu-jalizi, safu hiyo ni faili ndani ya folda ya mstari: F3 unaiona, F5 unaitoa. Na mstari wa agizo unaoelekeza kwa mteja wake unaweza kuonyeshwa kama kiungo, kile cha mshale tunachokijua kwenye Unix. Unabonyeza Enter, unatua kwa mteja. Jambo moja dogo: tofautisha NULL, yaani thamani isiyokuwepo, na maandishi matupu. Yote mawili ukiyaonyesha kama faili la baiti sifuri, umemficha mtazamaji habari ambayo pengine ndiyo aliyoijia.

Sasa nieleze kilichonikuta. Niliwahi kunakili hifadhidata ya orodha ya vifaa huku mfumo wenyewe ukiendelea kufanya kazi. Nikateua faili la .db, F5, nikaondoka na nakala. Ilifunguka bila kosa lolote. Ila maingizo ya mwisho hayakuwemo, na tuligundua baadaye, wakati tulipoihitaji. Tangu toleo la 3.7.0, mwaka 2010, SQLite ina namna ya kufanya kazi ambapo mabadiliko mapya huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, lenye jina lilelile likimalizikia na -wal, kisha huhamishwa baadaye; kwa kawaida wakati faili hilo la pembeni linapofikia kurasa 1000. Nilinakili nyumba nikaacha ua wenye wageni. Kidhibiti faili hakina kosa: kiliombwa faili moja, kikaleta faili moja.

Hatari hiyohiyo inajificha kwenye programu-jalizi. Ukiingia kwenye hifadhidata iliyo ndani ya seva ya mbali, au ndani ya zip, kidhibiti faili mara nyingi hunakili kwanza faili hilo moja kwenye folda ya muda, ndipo kikalifungua. Lile la -wal linabaki nyuma. Programu-jalizi ya kweli inaliangalia, na likiwepo inakuonya. Yangu inafanya jambo moja zaidi ambalo nawaombeni mliige: ndani ya folda ya hifadhidata inaonyesha faili la kubuni liitwalo nakala-kamili.db. Halipo popote. Ukibonyeza F5 juu yake, programu-jalizi inaendesha VACUUM INTO, amri iliyoingia na toleo la 3.27 mwaka 2019, na unapata nakala iliyotimia, yenye kila muamala uliokamilika hadi dakika hiyo, mfumo ukiwa unaendelea na kazi zake.

Nimefika kwenye mikono. F8 juu ya mstari ni DELETE, amri ya kuufuta. F8 juu ya folda ya jedwali ni DROP TABLE, amri ya kulifuta jedwali zima. Kitufe ni kilekile, dirisha la kuuliza "una hakika?" ni lilelile, na vidole vyetu vimeshazoea kulijibu kabla ya macho kulisoma. Hakuna pipa la taka. Hakuna nyota ya dBase ya kukungojea. F6, tunayoiona kuwa kuhamisha tu, ni kunakili kisha kufuta. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye SQLite, ulinzi wa funguo zinazounganisha majedwali kwa kawaida umezimwa, na kila muunganisho lazima uuwashe wenyewe kwa PRAGMA foreign_keys. Programu inayomiliki hifadhidata huenda inauwasha. Programu-jalizi yako iliyoingia kwa mlango wa pembeni haikuuwasha. Unamfuta mteja, maagizo yake yanabaki yakielekeza kwa mtu asiyekuwepo, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo fungueni kwa kusoma tu, mode=ro, na amri za kufuta ziachwe bila jibu. Kuna chaguo jingine, immutable=1, linalovutia kwa kuwa haligusi kufuli zozote. Litumieni pale tu mnapojua hakuna mwingine anayeandika, la sivyo majibu yanaweza kuwa ya uongo. Kwa seva, iwe MySQL kwenye mlango 3306 au PostgreSQL kwenye 5432, msitegemee programu-jalizi ijizuie. Undeni akaunti iliyopewa ruhusa ya kusoma, SELECT, peke yake, na nenosiri lisikae kwenye faili la mipangilio likisomeka na kila mtu.

Kwa anayetaka kujaribu usiku huu, njia fupi ni Midnight Commander. Skripti moja kwenye folda ya ~/.local/share/mc/extfs.d, kwa lugha yoyote uipendayo, inatosha. Itaitwa kwa neno list pamoja na jina la faili, nayo ichapishe orodha kwa mtindo wa ls -l: ruhusa, mwenye faili, ukubwa, tarehe, jina. Majina unayapata kutoka sqlite_master, jedwali la ndani la SQLite lenye orodha ya majedwali. Itaitwa kwa copyout ikitakiwa kutoa jedwali moja, na hapo unaita sqlite3 kwa -readonly na -csv, ukielekeza matokeo kwenye faili uliloambiwa. Ukiiita skripti hiyo sqlite, unaingia kwa cd wateja.db/sqlite:// na majedwali yako mbele yako. Mfumo utakupa nafasi ya kujibu pia rm, mkdir na copyin. Kwa maneno hayo matatu, skripti yangu inatoka na alama ya kosa, na imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Nimeacha paneli ya kushoto wazi hapa kwenye skrini. Aliyenyoosha mkono kule nyuma, karibu, tuijaribu na faili lako.