Daktari Anapokuwa Hajui: Mazungumzo na Wagonjwa Kuhusu Majaribio ya Tiba

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze nanyi wakati mnasubiri kuitwa, na najua mabenchi haya ni magumu, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Mada yetu ni majaribio ya tiba. Umefika hospitali na mwanao ana homa, au umekuja na kifua chako kinachokusumbua, mara anatokea mtu na karatasi mkononi: "Mama, hapa kuna utafiti, tungependa ushiriki." Hapo wengine wanakubali upesi kwa kuogopa kwamba wakikataa watanyimwa dawa. Wengine wanachukua mkoba wao na kuondoka bila hata kuaga. Nawaelewa wote wawili.

Ninachotaka mkijue leo ni kimoja, na sisi tunaovaa makoti meupe huwa tunaona haya kukisema. Utafiti unafanyika kwa sababu daktari hajui. Angekuwa anajua kwa hakika kwamba dawa hii ni bora kuliko ile, asingekuwa na haki ya kukupa ile. Kwa hiyo anayekuja kukushawishi kwa kukuambia "dawa mpya hii ni nzuri mno, usiikose," huyo ama haelewi kazi yake, ama anakudanganya.

Niwape kisa cha hapa hapa kwetu Tanga. Hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa moja ya hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti mkubwa uliotangaza matokeo yake mwaka 2011. Swali lilikuwa juu ya dripu.

Mtoto analetwa na homa kali. Anahema kwa shida, amelegea, mikono na miguu imekuwa baridi, moyo unakwenda mbio. Ukibonyeza kucha yake, wekundu unachelewa kurudi. Damu haizunguki vizuri. Vitabu vilivyofundishia madaktari vilisema mtoto huyo atundikiwe maji mengi, tena kwa kasi. Mtoto wa kilo 10 anaweza kupewa mililita 200, hata 400, ndani ya saa moja. Chupa ndogo ya maji ya dukani ni mililita 500, kwa hiyo mnaweza kukadiria wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika katika hospitali kubwa za nchi tajiri, na hakuna aliyekuwa amepima vya kutosha kama inawafaa watoto wetu wenye malaria kali na upungufu wa damu.

Basi wakapima. Watoto 3,141. Mtabibu anafungua bahasha iliyofungwa, humo ndani mmeandikwa kundi la mtoto: maji ya chumvi kwa kasi, maji ya albumini (protini ya damu) kwa kasi, au dripu ya kawaida ya polepole. Bahasha ndiyo iliyoamua. Daktari hakuchagua, mama hakuchagua. Najua jambo hili linawaudhi wengi, mtu anasema, "Mwanangu anafanyiwa bahati nasibu?" Lakini fikirini kidogo. Daktari akiachiwa kuchagua, atawapa maji wale anaowaona wako hoi zaidi, au wale anaowaonea huruma, na mwisho wa siku hatutajua kilichoua ni ugonjwa au ni maji.

Sasa sikilizeni hapa. Saa ya kwanza, watoto waliopewa maji kwa kasi walionekana kuchangamka kuliko wenzao. Mikono ilipata joto. Ungekuwa wewe ndiye nesi wa zamu ungesema, maji yamemwokoa huyu. Lakini walipohesabiwa baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi, walikuwa wamefariki 10 au 11. Katika kila 100 waliopewa dripu ya polepole, walikuwa wamefariki 7.

(Mama mmoja mbele: "Mungu wangu.")

Ndiyo, mama. Tiba iliyokuwa ikiaminika ndiyo iliyokuwa ikiongeza vifo, na jicho la mtu aliyesimama kando ya kitanda lisingeweza kuliona hilo. Watafiti walikuwa wamepanga kufikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru, ya watu wasiohusika na kutibu wala kuandikisha watoto, ilitazama takwimu na kusema: simamisheni. Wakasimamisha.

Hapa niweke tahadhari, maana najua mtu anaweza kwenda nyumbani akasema "daktari amesema dripu inaua." Sikusema hivyo! Watoto wa kuhara na kutapika hawakuwemo katika utafiti ule. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, apewe ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na aletwe hospitali haraka.

Kuna jambo moja la kisa hiki ambalo mimi binafsi huwa nalifikiria sana. Mama amefika usiku, mtoto yuko katika hali ile niliyoieleza. Utamkalisha umsomee kurasa kadhaa za fomu ya ridhaa? Mtoto atakata roho mkiwa ukurasa wa pili. Walichofanya ni kumweleza mama kwa kifupi, kwa mdomo, akikubali tiba inaanza; mtoto akitulia ndipo anaelezwa yote kwa urefu na kuulizwa upya. Wapo wanaosema ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Sioni kama wamekosea kuuliza. Lakini tukisema dharura isifanyiwe utafiti kabisa, tungeendelea kutundika maji yale mpaka leo.

Ugonjwa usio wa dharura hauna kisingizio hicho. Fomu unaichukua, unakwenda nayo nyumbani, unamwonyesha mumeo, dada yako, mwalimu wa jirani. Unarudi na maswali. Kama hujui kusoma, unasomewa mbele ya shahidi asiyekuwa mtu wa utafiti, ndipo unaweka dole gumba. Na nakala moja ni yako. Ina namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Ukinyimwa nakala, usiweke dole.

Mzee pale nyuma aliniuliza kabla sijaanza: "Je, nitapewa dawa feki?" Swali zuri. Dawa isiyo na kiambato cha kutibu hutumika pale ambapo hakuna tiba inayojulikana, au inapoongezwa juu ya tiba ya kawaida. Penye tiba, dawa mpya inapambanishwa na ile bora iliyopo. Mfano ni malaria kali. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, Muheza na Korogwe wakiwemo, ulilinganisha sindano ya atesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika. Hakuna mtoto aliyechomwa maji matupu. Waliopata kwinini walifariki karibu 11 kwa kila 100, wa atesuneti 8 au 9. Ndiyo maana leo mwanao akizidiwa na malaria anachomwa atesuneti.

Na damu? (Kicheko.) Mnacheka, lakini najua mnachokifikiria: mumiani. Sisi watu wa pwani tumekua tukitishwa na mumiani, na mtafiti anayepuuza hofu hiyo haijui nchi aliyoijia. Uliza: mnachukua kiasi gani, mara ngapi, inapelekwa wapi, itahifadhiwa muda gani? Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Akikujibu kwa vijiko umemwelewa, akikujibu kwa Kiingereza mwambie arudie.

Hofu zenu zina mizizi. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba, ili tu waangaliwe, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Ilikoma mwaka 1972. Sheria nyingi tulizonazo zimetokana na maovu ya namna hiyo. Hapa Tanzania jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba uonyeshwe namba ya kibali. Si utovu wa adabu.

Nauli utarudishiwa. Ila ukiona hela imezidi mno, jiulize kwa nini.

Dada mmoja anauliza: akijitoa katikati, atafukuzwa kliniki? Hapana. Unajitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Ila usipotee kimya kimya. Njoo useme, kwa sababu kuna dawa ambazo hazikatishwi ghafla, na ukipata madhara wiki mbili baadaye tunahitaji kukujua. Uliza pia kabla ya kuanza: nikidhurika, nani atanitibu na kwa gharama ya nani? Jibu liwe limeandikwa kwenye fomu.

Na wenzangu wa kifua kikuu mlioko upande ule, mnaolalamika kwamba miezi sita ya vidonge ni mingi. Zamani ilikuwa mwaka mzima, hadi mwaka na nusu. Miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walikubali kupangwa katika makundi, wengine miezi sita wengine zaidi, na matokeo yao yakasaidia kuleta dozi fupi inayotumika duniani kote. Majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Nesi ananionyesha saa. Wenye kadi za sukari mmeanza kuitwa, dirisha la pili. Wenye maswali mengine, nipo hapa mpaka adhuhuri.