Bandeji hai: kwa nini hufa kabla ya kufanya kazi

Ndugu zangu, bandeji hai, yaani utando wenye seli hai uliooteshwa maabara, inapotajwa, swali la kwanza huwa hili: je, ngozi hiyo ya maabara itashika, iungane na mwili na kubaki? Kwa zile zinazotengenezwa kwa seli za mtu mwingine na kuwekwa kwenye vidonda sugu, jibu ni hapana, wala haikukusudiwa ishike. Asiyelijua hilo huitumia ovyo na huihukumu vibaya.

Tuchukue Apligraf, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena (inayorudisha damu moyoni), kisha mwaka 2000 kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Ni kisahani laini chenye kipenyo cha milimita 75 na unene usiofika milimita moja. Tabaka la chini ni kolajeni (protini ya nyuzi za ngozi) ya ng'ombe yenye fibroblasti hai, seli zinazotengeneza nyuzi hizo, ndani yake. La juu ni keratinositi, seli za ngozi ya juu, zilizoachwa zipigwe na hewa mpaka zikakomaa kama ngozi ya juu. Seli zote hutoka kwenye magovi ya watoto wachanga waliotahiriwa, na hupimwa magonjwa kabla ya kuoteshwa. Haina mishipa ya damu, vinyweleo wala seli za kinga, na hilo la mwisho linasaidia mwili usiikatae kwa ukali. Hata hivyo, baada ya majuma kadhaa seli hizo hutoweka kidondani. Zikiwa hai humwaga protini za ukuaji zinazoziamsha seli za mgonjwa mwenyewe zianze kutambaa kutoka ukingoni.

Epicel ni jambo jingine kabisa. Hiyo huoteshwa kutoka kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa mwenyewe aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, kwa mbinu ya watafiti Rheinwald na Green ya mwaka 1975, juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi zisizaane. Hii ndiyo inayotarajiwa kushika. Lakini huchukua majuma mawili hadi matatu kuwa tayari, na ikishawekwa hutoa malengelenge na kuchunika kirahisi, kwa sababu nyuzi za kuifunga na tabaka la chini huchelewa kujengeka. Integra, kifuniko kingine cha vidonda, nayo haina seli hai hata moja: ni kolajeni na silikoni.

Sasa turudi kwenye kidonda sugu. Usikimbilie bandeji hai. Kidonda cha kisukari kitunzwe vizuri kwa majuma manne. Kama eneo lake halijapungua angalau nusu, hapo fikiria. Pima kwanza mtiririko wa damu, na hapa kuna mtego: kwa mwenye kisukari, mishipa migumu ya kifundo cha mguu haibonyezeki, kwa hiyo kipimo huonyesha shinikizo zuri ilhali mguu una njaa ya damu. Pima kwenye kidole gumba cha mguu.

Kisha kata nyama mfu na ngozi ngumu ya ukingoni mpaka ufike kwenye tishu yenye uhai. Zuia damu mpaka ikauke, kwa kuwa bonge la damu chini ya utando huutenga na kidonda. Penye usaha au wekundu unaoenea, ahirisha. Dawa za kuua vijidudu kama iodini, klorheksidini na hipokloriti huua hizo seli unazozihitaji, kwa hiyo suuza kwa maji ya chumvi ya hospitali tu.

Kisahani cha Apligraf hakiwekwi kwenye jokofu; hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 23 za Selsiasi. Kabla ya kufungua, linganisha rangi ya jeli kilicholazwa juu yake na kadi yake. Ikigeuka njano imekuwa na asidi, ikienda zambarau imepita upande wa pili. Nje ya pH (kipimo cha asidi) 6.8 hadi 7.7, tupa. Ukishafungua una dakika 15. Upande unaong'aa ndio unaogusa kidonda, ule uliofifia unatazama juu. Toboa vitundu vidogo ili majimaji yapite, laza, sukuma hewa nje kwa pamba yenye unyevu, acha kipitilize ukingo kidogo, kisha funika kwa shashi isiyonata. Kisipogusana na sakafu ya kidonda, hakina faida.

Kosa linaloudhi zaidi hutokea juma linalofuata. Muuguzi anafungua, anakuta ute wa manjano unaoteleza, anadhani ni usaha, anausugua wote. Huo mara nyingi ndio utando wenyewe uliofyonza maji. Dalili za maambukizi ni harufu mbaya, maumivu yanayozidi, joto na wekundu pembeni. Zisipokuwepo, badilisha vifuniko vya nje tu, usiuguse.

Kidonda cha vena bila bandeji ya kubana, au cha wayo bila kiatu au plasta ya kuondoa uzito, kitaitafuna bandeji hai yoyote. Na kabla ya kuweka kipande cha pili juu ya kilichoshindwa, ingiza kidondani kijiti butu cha chuma kisicho na vijidudu: kikigonga mfupa, shuku uambukizo wa mfupa. Ukingo ukiwa umeinuka na mgumu, kata kipande kikapimwe saratani.