Vijana wa Santiago: timu iliyokimbiwa na nchi yake

Karibuni. Mliosimama kule nyuma, huku mbele kuna viti. Leo nazungumzia timu ambayo haiwezi kufungwa tena na mtu yeyote, kwa sababu nchi yake haipo: Yugoslavia ya vijana chini ya miaka 20, mabingwa wa dunia wa mwaka 1987.

Walikwenda Chile bila mbwembwe. Chama chao cha soka hakikuwategemea, na ushahidi ni waliobaki nyumbani: Siniša Mihajlović, Vladimir Jugović, Alen Bokšić. Aliyefuatilia ligi ya Italia miaka ya tisini ashike kichwa tu. Hao ndio walioachwa!

Kocha alikuwa Mirko Jozić. Akaanza kwa kuwaharibia wenyeji sherehe, 4-2. Australia wakala 4-0, na ndugu zetu wa Togo 4-1. Mechi tatu, mabao 12. Mbele alikuwa Davor Šuker, mguu wa kushoto usiokosea. Katikati Zvonimir Boban na Robert Prosinečki. Pembeni yao Predrag Mijatović, kijana wa Montenegro.

Huyu Prosinečki ana kisa chake. Dinamo Zagreb walimwachia aondoke, na inasimuliwa kwamba kocha wao, Miroslav Blažević, aliapa kuitafuna diploma yake ya ukocha kama kijana yule angekuwa mchezaji wa maana. Red Star ya Belgrade wakamchukua. Sasa mashindano ya Chile yamekolea, klabu inamtaka arudi haraka acheze Kombe la UEFA dhidi ya Club Brugge. Mpaka rais wa FIFA, João Havelange, akaingilia kati ndipo akabaki. Robo fainali na Brazil ikawa 1-1, saa inakimbia, wote wanawaza muda wa nyongeza. Prosinečki akapiga mpira wa adhabu, ukaingia. Blažević alikula ile diploma? Tuyaache hayo.

Nusu fainali nataka muishike vizuri, nitairudia. Yugoslavia 2, Ujerumani Mashariki 1. Wafungaji: Igor Štimac na Šuker, upande wa pili, Matthias Sammer.

Fainali ilipigwa Oktoba 25, Estadio Nacional, Santiago, uwanja uleule ambao mwaka 1973 wanajeshi wa Pinochet, dikteta wa Chile, waliugeuza gereza. Prosinečki na Mijatović wote wawili nje kwa kadi. Boban akafunga dakika ya 85, mkajua kazi imekwisha. Dakika mbili baadaye Marcel Witeczek wa Ujerumani Magharibi akasawazisha kwa penalti. Ikaamuliwa kwa mikwaju, 5-4, na wa mwisho akaupiga Boban mwenyewe.

Watu wengi husema: isingekuwa vita vilivyoivunja Yugoslavia, vijana wale wangebeba Kombe la Dunia. Mimi siafiki. Soka lao lilipasuka kabla ya nchi. Mei 13, 1990, pale uwanja wa Maksimir, Zagreb, mechi ya Dinamo na Red Star iligeuka mapigano, na Boban akamrukia polisi kwa teke. Akafungiwa, akaikosa Italia 90. Mchezaji bora kuliko wenzake hawezi kuunganisha timu ambayo jukwaani mashabiki wake wanarushiana viti.

Baada ya hapo wakatawanyika. Mwaka 1998 Kroatia ikashika nafasi ya tatu duniani, na Boban, Šuker, Štimac, Prosinečki na Robert Jarni, naye wa kikosi kile cha Chile, wamo. Šuker akawa mfungaji bora kwa mabao 6. Prosinečki alishafunga Kombe la Dunia kwa Yugoslavia mwaka 1990. Sasa akafunga kwa Kroatia. Mijatović akabaki na Yugoslavia iliyosalia, akagongesha penalti kwenye mwamba dhidi ya Uholanzi. Na mwezi uliotangulia, yeye na Šuker walikuwa pamoja Real Madrid, wakitwaa Kombe la Ulaya kwa bao lake Mijatović!

Na ile nusu fainali niliyowaambia? Ni kama ilijirudia robo fainali ya Euro 96, Old Trafford, Ujerumani na Kroatia. Šuker akafunga, Štimac akala kadi nyekundu, Sammer akafunga la ushindi. Watu walewale, jezi nyingine.

Jozić, yeye, alirudi Chile. Akaifundisha klabu ya Colo-Colo, na Juni 1991 akawapa Copa Libertadores, ubingwa wa klabu za Amerika Kusini, wiki moja tu baada ya Red Star kuwa mabingwa wa Ulaya. Desemba wakakutana Tokyo kugombea ubingwa wa mabara. Prosinečki alikwisha kwenda Madrid, hakuwepo. Red Star wakashinda 3-0, na mawili kati ya hayo aliyafunga Jugović, yule aliyeachwa nyumbani.