Kutoka mchoro wa kompyuta hadi bamba la aluminiamu: kuchonga kwa mashine ya CNC

Mezani kuna kipande cha aluminiamu ya 6061 (namba ya aina ya aloi): urefu mm 85, upana mm 55, unene mm 18. Tutakichonga kiwe bamba la mm 80 kwa 50 kwa 12, lenye kishimo cha mstatili katikati cha mm 40 kwa 30, kina mm 6, na matundu manne ya bolti za M6 kwenye pembe. Mashine ni ya CNC, yaani inaongozwa na kompyuta, yenye mihimili mitatu: X kushoto na kulia, Y mbele na nyuma, Z juu na chini. Spindo yake, sehemu inayozungusha kisu, inafika mizunguko 6000 kwa dakika.

Fungua mchoro kwenye CAD, programu ya kuchora, na kabla ya kitu kingine tazama pembe za ndani za kishimo. Kisu ni cha duara, hivyo hakiwezi kuacha pembe mraba ndani. Tutatumia kisu cha mm 6, ambacho nusu kipenyo chake ni mm 3, lakini pembe zimechorwa kwa nusu kipenyo cha mm 4. Ukizichora kwa 3 kamili, kisu kikifika pembeni kinasimama kugeuka huku kimebanwa na chuma pande mbili. Hapo utasikia mlio, na pembe itabaki na alama za mtetemo. Ile milimita moja ya ziada inakiwezesha kupinda bila kusimama.

Sasa tunaingia CAM, yaani sehemu ya programu inayopanga njia za kisu. Ieleze ukubwa wa chuma ghafi: 85 kwa 55 kwa 18. Kisha chagua mahali pa sifuri, na hapa naomba utulie, kwa sababu visu vingi huvunjika kwa kosa la hapa. Mashine haioni chuma. Inajua sifuri uliyoipa tu, na sifuri ya kwenye kompyuta isipolingana na ya kwenye jiliwa (kifaa kinachobana chuma), itakwenda kuchonga pale pale ulipoiambia, hata kama pana taya ya jiliwa.

Sifuri ya X na Y tunaiweka katikati ya chuma, si kwenye kona. Chuma kilichokatwa kwa msumeno mara nyingi hakilingani na kipimo chake. Ukianzia katikati, tofauti inagawanyika pande zote mbili. Sifuri ya Z tunaiweka kwenye uso wa juu wa bamba lililokamilika, ambao uko mm 0.5 chini ya uso ghafi.

Kwa mizunguko ya spindo, kanuni ni hii: zidisha kasi ya ukataji (mita kwa dakika) kwa 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu. Aluminiamu na kisu cha kabaidi (mata ngumu sana ya visu), mita 200 kwa dakika ni mwanzo mzuri. Kisu cha mm 10 kinatoa karibu 6370, hivyo tunaandika 6000. Mwendo wa meza ni mizunguko mara idadi ya meno mara unene wa chenga: 6000 × 3 × 0.05, ni mm 900 kwa dakika. Kisu cha mm 6 kingetaka mizunguko zaidi ya 10,000. Hatuna, kwa hiyo kinabaki 6000, na chenga ya 0.03 inatupa mm 540 kwa dakika. Usipunguze mwendo zaidi ya hapo kwa woga. Jino lisipokata chenga ya kutosha linasugua, linapata joto, na aluminiamu inaganda kwenye kisu.

Panga kazi hivi: kisu cha mm 10 kisawazishe juu, kisha kizunguke nje hadi Z −12.3, mm 3 kila safari. Kisu cha mm 6 kiingie kwenye kishimo kwa mzunguko wa kushuka kama ngazi ya duara, kisizame wima, mm 2 kila safari. Acha mm 0.2 ukutani kwa safari ya mwisho. Biti ya mm 5 itoboe hadi Z −14 kwa mizunguko 3500 na mwendo wa mm 300 kwa dakika, ikitoka nje kila mm 3 kutupa chenga.

Toa faili la G-code, yaani orodha ya amri za mashine, na usome mistari ya mwanzo kwa macho yako. Utafute G21, inayosema vipimo ni milimita. Ikiwa G20, mashine itasoma inchi, na kila namba itakuwa kubwa mara 25.4. Utafute pia G43, inayoiambia mashine itumie urefu wa kisu uliohifadhiwa chini ya namba ya H. Namba hiyo ya H lazima ilingane na namba ya kisu, inayoandikwa kwa T. Ukiita T1 kwa H2, na visu vimepishana urefu wa mm 20, kisu kinaweza kuzama mm 20 ndani ya chuma kwa mwendo wa kasi.

Tufunge chuma. Taya za jiliwa hili zina kina cha mm 40. Weka ndani vyuma viwili sambamba vyenye kimo cha mm 36, kalisha chuma juu yake, kaza, kisha gonga kwa nyundo ya raba. Vyuma vya chini vikicheza kwa kidole, chuma hakijakaa; legeza urudie. Taya sasa zinashika mm 4, na kisu kitakapofika chini kabisa kitabaki mm 1.2 juu ya taya. Hesabu hii ifanye kila mara, kabla ya kukaza.

Gusa upande wa kushoto kwa kipima-ukingo (pini ya kutafutia ukingo wa chuma, inayofungwa kwenye spindo), andika X. Gusa wa kulia, andika X. Jumlisha, gawanya kwa 2, hiyo ndiyo sifuri. Nusu kipenyo ya kipima-ukingo inajifuta yenyewe, hakuna cha kujumlisha wala kutoa. Fanya hivyo kwa Y.

Kwa Z tumia pini ya mm 10. Spindo ikiwa imesimama, shusha kisu hadi karibu na chuma, kisha kipandishe kwa hatua za mm 0.01 mpaka pini ipite chini yake. Unapandisha tu; ukishusha juu ya pini, ncha ya kabaidi inamegeka. Hapo kisu kiko mm 10 juu ya uso ghafi, kwa hiyo andika Z 10.5.

Vaa miwani, vua glavu na pete. Endesha mstari mmoja mmoja, mwendo wa haraka ukiwa asilimia 25. Kisu kikikaribia chuma, bonyeza simamisha na usome umbali uliobaki kwenye skrini. Skrini ikisema 10 na jicho linaona 3, usiendelee.

Kikianza kukata, sikiliza. Mlio mkali mara nyingi ni kisu kilichochomoza mno kwenye kishikio. Cha mm 10 kichomoze kama mm 25. Ndani ya kishimo puliza chenga nje muda wote, kwani zikikatwa mara ya pili zinakwaruza kuta.

Kabla ya kufungua jiliwa, pima kishimo. Kikiwa 39.92 badala ya 40, kila ukuta umebakiza 0.04. Ikiwa njia ya mwisho uliipanga kwa G41, amri inayosogeza kisu pembeni kulingana na kipenyo chake, ingiza −0.08 kwenye nafasi ya uchakavu wa kipenyo katika jedwali la visu la mashine, urudie safari hiyo pekee. Ukishafungua, huwezi kukirudisha mahali pale pale.

Geuza kipande, uso uliokamilika ukalie vyuma sambamba vya mm 32. Safari hii sifuri ya Z iwe juu ya vyuma hivyo, na usawazishe hadi Z 12, si zaidi ya mm 1.5 kila safari. Mm 5.5 zikiisha, matundu yatakuwa wazi.

Tapu ya M6, kifaa cha kukata hesi ndani ya tundu, ipitishe kwa mkono na mafuta: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga ikatike. Bolti iingie kwa vidole mpaka itokeze upande wa pili.