Bogenvilia ndani ya kibuyu: rangi za maji na mistari huru

Karibuni. Leo tunachora matawi ya bogenvilia niliyoyakata uani asubuhi hii, hapa Dodoma, nikayatia kwenye kibuyu. Andaa karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, brashi nene ya duara, makopo mawili ya maji, kitambaa, na kalamu yenye wino usioyeyuka kwenye maji.

Kwanza lisogelee ua. Hayo mekundu-zambarau si petali, ni majani matatu membamba yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vimrija vyeupe vya katikati, kimoja kwa kila jani. Ukishalijua hilo, mkono unaenda tatu tatu wenyewe.

Kiangazi cha huku kina upepo mkavu, na karatasi hukauka ungali unachovya brashi. Kwa hiyo funga dirisha, lowesha karatasi nyuma, igeuze, kisha lowesha mbele sehemu ndogo tu, kama upana wa kiganja. Dondosha majenta, ile nyekundu-zambarau. Ongeza tone la zambarau pembeni. Sasa ondoa mkono! Iache rangi itembee. Ukiifuata na brashi unaichosha. Bakiza vipande vyeupe, vinaleta hewa. Hamia kiganja kinachofuata.

Majani ya kijani, changanya bluu na njano, yaguse ua mahali pamoja rangi ikiwa bado mbichi. Tazama hapa: zinapokutana panatokea kijivu chenye joto. Napapenda sana hapa, kivuli kimejichora.

Kibuyu ni mpako mmoja wa kahawia, kutoka shingoni hadi kitakoni. Upande wa mwanga usiuguse.

Subiri. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ukihisi ubaridi, bado ina maji, na wino utasambaa.

Ikikauka, shika kalamu nyuma kabisa, mbali na ncha. Macho yawe kwenye ua zaidi kuliko kwenye karatasi. Mstari ukitoka nje ya rangi, usiurudie, ndio uhai wake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuzungushia kila jani ukingo, na maua yanakakamaa. Chora maua matatu tu yaliyo mbele, mengine yabaki rangi tupu. Shingo ya kibuyu, mstari mmoja, ukatike katikati.

Mwisho miiba, kwa mikato mifupi ya haraka. Mmoja hapa. Mwingine hapa, karibu na shingo. Kalamu chini.